Dakika Mbili za Kudra

Kudra binti Bushiri alikuwa mfupi, rangi ya maji ya kunde, na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi kuliko zote: hakujisifu. Mtu anayejisifu unaweza kumchukia kwa raha zako, na watu wakakuunga mkono. Kudra alifanya kazi yake, akanawa mikono, akauliza nani hajanywa chai. Utamchukia vipi mtu kama huyo bila kuonekana wewe ndiye mwenye kasoro?

Naandika habari zake mimi, Asukile, kwa sababu waliompenda hawakumtazama sana. Mwenye wivu haachi kutazama. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja katika maabara ndogo ya mifugo pale Mbeya, nilijua amekula nini, amesifiwa na nani, na amevaa viatu gani siku aliyosifiwa.

Alizaliwa hapo hapo Mbeya. Babu yake alitoka pwani akifuata biashara, na baba yake, Mzee Bushiri, alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Nyuma ya duka mama yake alifuga kuku sita. Kudra alipokuwa na miaka kumi na mitano kuku wale walianza kufa, leo mmoja, kesho kutwa mwingine. Majirani wakasema ni mdondo, wengine wakasema ni jicho la mtu. Kudra akachukua mkasi wa baba yake wa kukatia vitambaa, akampasua kuku wa nne, akakuta ini limevimba na limegeuka rangi, limekuwa na ukijani wa shaba iliyochakaa. Akalifunga kwenye jani la mgomba na kulipeleka kwa bwana mifugo. Mzee Bushiri hakumpiga. Alinunua mkasi mwingine, na ule wa kwanza akamwachia binti.

Hadithi hiyo nilisimuliwa na mkubwa wetu wa kazi, Daktari Fanueli, tena mara tatu, na kila mara macho yake yaling'aa. Mimi nilikuwa nimepasua kuku mia kadhaa kwa ajili yake tangu mwaka 1962. Sikuwahi kusikia akimsimulia mtu habari za hata mmoja wao.

Kazi yangu ilikuwa visahani. Mtu akileta yai au kuku anayeshukiwa ana homa ya matumbo ya kuku, nilichukua ute, nikaupaka kwenye kisahani cha kioo chenye chakula cha vijidudu, nikakiweka katika kabati la joto lililowashwa kwa taa ya mafuta, nikasubiri. Siku tano. Mbeya ikishika baridi, siku sita au saba. Jibu langu halikukosea, na watu waliniita Asukile wa Visahani, nami nililipenda jina hilo. Lakini mwaka 1974 kijiji kimoja kilileta mayai tuyapime, na kabla vijidudu havijaota kwenye visahani wakawa wameshayapeleka kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Jibu langu lilitoka sahihi kabisa, kwamba mayai yana ugonjwa. Lilifika siku ambayo vifaranga walikuwa wanafukiwa.

Basi mwezi wa Aprili 1976 ikaja barua. Mtu mmoja aende Dar es Salaam wiki sita, kujifunza njia ya haraka ya kutambua ugonjwa ule. Nilishona suruali mpya. Nilimwambia mke wangu, na mke wangu akawaambia majirani zetu wote wa mtaa wa Soweto. Daktari Fanueli akamchagua Kudra, aliyekuwa na miaka miwili tu kazini.

"Wewe ukienda, nani atashika visahani?" akaniambia. Alidhani ananisifu.

Kudra alirudi mwishoni mwa Mei na kichupa cha dawa ya zambarau na vigae vyeupe vilivyochorwa miraba kumi kumi, kila mraba wa kuku mmoja. Akamshika jogoo wa jirani, akamchoma mshipa wa chini ya bawa, akachukua tone la damu na kulichanganya na tone la dawa juu ya kigae. Akakitikisa taratibu huku na huku, Daktari akitazama saa yake. Tone lilibaki laini, rangi moja. "Huyu mzima," Kudra akasema. Kisha akachukua tone la damu ya kuku mgonjwa tuliyekuwa naye, na mbele ya macho yetu ile zambarau ikajikusanya chembechembe, zikasogea pembeni, katikati kukabaki maji.

"Dakika mbili," akasema Daktari Fanueli. "Asukile, umeona? Dakika mbili."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," nikajibu, kwa sauti ya kusikika. Kudra akacheka. Alifikiri namtania, kwa hiyo jioni yake akaniletea kitambaa cha shati kutoka dukani kwa baba yake. Sikukishona. Nilikiweka chini ya sanduku, na kila nilipokiona roho iliniuma upya.

Wiki ya pili ya Juni tulitumwa Igowole, kule Mufindi. Akina mama wa kijiji cha ujamaa walikuwa na kundi la kuku mia na arobaini, chini ya mama mmoja Mhehe aliyeitwa Kalista. Shabaha yenyewe ilikuwa hii: kuku wakionekana wazima, mayai yao yataingia kwenye mashine ya kutotolea, na vifaranga watagawiwa vijiji kumi na viwili. Wakionekana wagonjwa, wagonjwa watachinjwa na mayai yatazuiwa. Ugonjwa ule ndivyo ulivyo. Mama anautia ndani ya yai, kifaranga anatoka nao nje, na humo ndani ya mashine anawapa wenzake wote. Kuku mmoja asiyeonekana anatosha kumaliza mamia.

Tulifika mchana, tukiwa watatu: mimi, Kudra, na dereva Mrisho. Kalista alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akisalimia. "Kamwene," akasema, akamshika Kudra mikono yote miwili. Mimi akanishika mmoja. Wakamwita Mrisho achinje kuku, ili Kudra naye ale bila wasiwasi, na jambo hilo dogo la heshima nililiona, nikaliweka moyoni pamoja na mengine.

Chakula kikaja. Sasa, kwetu Unyakyusa, kwao Uhehe, na popote nilipowahi kula kuku katika nyanda hizi, firigisi ni ya mwanamume, na wakiwa wawili ni ya mkubwa. Huulizi, unaikuta mbele yako. Mrisho alikuwa kijana, kwa hiyo nilikaa nikingoja. Kalista akachota firigisi akaiweka kwenye sahani ya Kudra.

"Mpeni kaka," Kudra akasema, akaisogeza kwa kijiko.

"Hapana, tumeshakupa, haihamishwi," akasema Kalista. "Leo mgeni wa kazi ni huyu. Wewe kaka umemsindikiza tu, si ndiyo?"

Wanawake wakacheka, bila ubaya. Mimi nikacheka nao. Nilipewa paja, tena nono, nikalitafuna lote na sikumbuki ladha yake. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na nilikasirika kwa ajili ya firigisi. Sitaki kulipamba jambo hili. Ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi yake ukungu ulishuka mpaka majani ya chai ng'ambo ya barabara hayakuonekana. Kuku walikuwa wamejikunyata. Tulifanya kazi kwenye baraza ya ghala, Kudra kwenye meza, Mrisho na akina mama wakishika kuku, na mimi nikipokea vigae vilivyokwisha kusomwa, nivipeleke jikoni, nivioshe, nivirudishe. Mwenye visahani anaosha vigae. Kichupa cha dawa Kudra alikitoa kwenye chupa ya chai iliyotiwa maji baridi, maana aliambiwa dawa ile itunzwe kwenye baridi mpaka itumike. Kule alikofundishwa, mtu akikitoa kichupa, kinapata joto chenyewe kabla hajamaliza kumshika kuku. Hakuna aliyefikiria kumwambia habari za Igowole mwezi wa Juni.

Alisoma kwa saa ya mkononi, dakika mbili kila kigae. Laini. Laini. Laini. Akina mama wakaanza kunong'onezana kwa furaha.

Mimi ndiye niliyefikiri. Vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa, na nilipokipokea kigae cha tatu kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamkumbuka mama yangu. Mwezi wa Juni mama alikiweka kibuyu cha maziwa kando ya mafiga, kwa sababu kwenye baridi maziwa hayagandi. Yaache pembeni, siku ya tatu bado unakunywa mabichi. Kitu kinachotaka kuganda kinataka joto, na kwenye baridi kinachelewa. Jambo hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Kudra alikulia mjini nyuma ya duka la vitambaa, hajawahi kugandisha maziwa. Ningeweza kumwambia kwa maneno matano. Nikakaa kimya nikisema moyoni, mtaalamu ni yeye, na mgeni wa kazi ni yeye.

Ikafika kigae cha saba. Hicho Kudra alikitazama kwa muda mrefu, akakiinamisha kwenye mwanga, kisha akaninyooshea.

"Shika hiki, kaka."

Hakusema tafadhali. Nilikwenda nacho jikoni, mlango ukiwa wazi nyuma yangu. Maji yalikuwa hayajachemka, nikakiweka kigae juu ya figa la pembeni nikaota moto. Nilipogeuka nilimwona Kudra ameacha kazi, penseli mkononi, ananitazama. Nikasema, kumbe sasa ananisimamia, kama mtumishi wa nyumbani.

Nikainama kuchukua kigae. Kati ya miraba kumi, mitatu ilikuwa imegeuka. Zambarau imejikusanya chembechembe, imesogea pembeni, na katikati maji matupu. Haikuwa imekauka, bado ilikuwa mbichi, inateleza nilipoinamisha. Kuku watatu wa Kalista walikuwa wagonjwa, na nani ajuaye wangapi katika vigae sita vilivyotangulia.

Nilifurahi. Nasema ukweli, kilichonijia kwanza ni furaha. Dakika mbili zao ni za uongo, visahani vyangu havijawahi kusema uongo. Halafu nikaona mbele: nikisema, Kudra atashtuka, atashukuru, vigae vitapashwa moto, kazi itarudiwa, na mpaka adhuhuri kila kuku mgonjwa atakuwa ameonekana. Na jioni watasema nini? Watasema Kudra amewapata. Mimi nitakuwa nimemsindikiza tu. Nikakichovya kigae kwenye maji, nikakisugua kwa kidole. Nilipoinua kichwa, Kudra alikuwa ameinama anaandika.

Sikuwa mtu mbaya kiasi hicho, nilijiambia. Nilikuwa na mpango. Kabla ya kuondoka niliomba mayai kumi na mawili, nikayabeba Mbeya, nikayatia kwenye visahani. Jibu la kweli litatoka, nilisema, na litatoka kwangu, na Daktari atazuia mayai ya Igowole kwa neno la Asukile. Nilikesha na ile taa ya mafuta nikiupandisha utambi. Siku ya tano, kitu hakuna. Siku ya saba, kitu hakuna. Kuku mgonjwa hautii ugonjwa katika kila yai analotaga, na mimi nilikuwa nimechukua kumi na mawili ya bahati njema. Mashine ilikuwa imeshajazwa. Ili niseme neno, ilinibidi nieleze nimejuaje. Sikusema.

Vifaranga elfu moja na mia moja walitotolewa Julai. Wakapakiwa kwenye maboksi yenye matundu, wakagawiwa vijiji kumi na viwili. Katika wiki ya kwanza wakaanza kusimama wamefumba macho, mabawa yameanguka, nyuma wamegandwa na uharo mweupe. Wiki ya tatu ilipokwisha hata mia hawakubaki. Wakubwa wakaagiza kuku wote wa Igowole wachinjwe na kuchomwa katika shimo, na kikundi kikavunjika.

Kalista alipanda lori mpaka Mbeya. Alisimama mlangoni mwa maabara na kanga yake ya vumbi, safari hii bila sauti ya kuamrisha.

"Mlisema kuku wetu ni wazima," akasema. "Tuliamini. Sasa tufanyeje?"

Tulikuwa chumbani wote. Daktari Fanueli akatazama chini. Kudra akasimama.

"Mimi ndiye niliyeandika, mama," akasema. "Kosa ni langu."

Hakunitazama, hakusema alikuwa na nani. Nami, badala ya kuona aibu, nikaona anajidai. Wivu ni kitu cha ajabu, unamwonea mwenzako kijicho hata kwa lawama. Nilisema moyoni, ona anavyopendeza hata akikosea.

Walimhamishia Chunya, akahesabu ng'ombe kwenye majosho. Kichupa na vigae vikabaki kwangu. Juni ya mwaka uliofuata, katika kijiji kingine, nilitia jivu la moto kwenye bati, nikaweka kigae juu yake, nikakishika kichupa kwapani kwanza mpaka kikaacha ubaridi. Kuku wagonjwa wakaonekana wote kabla ya saa nne. Daktari Fanueli alinipiga begani mbele za watu. Akaandika wilaya zote za baridi zifanye hivyo, na Njombe na Mafinga wakawa wanaita njia ya Asukile. Nilizunguka kuwafundisha. Kila nilipokula, firigisi niliikuta mbele yangu.

Ungefikiri nilishiba. Lakini madereva walileta habari kutoka Chunya: binti Bushiri ameomba akapewa kichupa chake mwenyewe, na katika joto lile dakika mbili ni dakika mbili kweli. Amewafundisha wake za wachimba dhahabu na wakulima wa tumbaku kupima kuku wao wenyewe. Wamempa nyumba yenye kisima. Nikawa naonea wivu hata mahali alikotupwa.

Mwaka 1979 nilikutana na Kalista sokoni Mafinga. Alikuwa na tenga la mayai. Nilitaka kupita, akaniita.

"Tumeanza tena, kaka. Yule binti alituletea majike kumi kutoka Chunya, amewapima mwenyewe. Aliwaleta kwa lori, na barua ya kuomba radhi."

Nilisimama pale nikisubiri ule uchungu wangu wa siku zote, nao ulikuja, lakini safari hii ulinikuta nimechoka. Miaka mitatu aliomba radhi kwa kosa la kidole changu. Wiki ile ile nilitafuta kazi ya kunipeleka Chunya, nikapanda Landrova.

Nilimkuta nyuma ya ofisi, chini ya kibanda cha nyasi, anapima kuku wa mama mmoja aliyekuwa ameketi mbali kidogo kivulini. Jua lilikuwa kali. Kudra alikuwa amekonda na amekuwa mweusi. Alifurahi kuniona, na hiyo nayo iliniumiza.

"Kaka Asukile. Karibu. Umekunywa chai?"

Nilikataa chai. Nikachukua kazi ya kushika kuku, maana sikujua mikono niiweke wapi, nikasema nikimtazama kuku.

"Kudra, kile kigae cha saba, kule Igowole. Nilikiweka kwenye figa. Kikaganda, miraba mitatu. Niliona, nikakiosha."

Sindano yake ilisimama.

"Uliona kabla ya kuosha?"

"Kabla."

Nilitamani anitukane. Yule mama kivulini alikuwa anapiga soga na mtoto wake, hakutusikia. Kudra alimalizia kumchoma kuku, akachukua tone, akalichanganya na dawa, akaanza kukitikisa kigae taratibu. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Kile kigae nilikitilia shaka. Niliona kama kuna kitu, halafu nikaona hakuna. Mimi nilikuwa na wiki sita za kufundishwa, wewe ulikuwa na miaka kumi na minne ya kazi. Nikaona haya kukuuliza mbele ya wale mama, wasije wakaogopa. Nikasema nimpe kaka, yeye hatapitwa. Akikirudisha, nitasimamisha kazi yote. Akikiosha, basi ni safi. Nikakaa na penseli nakutazama."

Akakiinamisha kigae kwenye jua. Tone lilikuwa laini.

"Nilichokiandika pale, kaka, kilikuwa jibu lako."

Akanyoosha mkono nimpe kuku mwingine.